Anakula Maharage Yetu, Anabeba Jina la Mtoza Kodi

Najua nilipotea. Nilikwenda nyumbani kula Krismasi, na kwa msiojua nyumbani ni wapi, ni Maguu, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Unatoka Dar unashinda kwenye basi mpaka mgongo unasahau umbo lake, unafika Songea, unaunganisha Mbinga, kisha unapanda bodaboda kwenye udongo uliolowa huku umeshika koti la dereva na kusali sala zote ulizofundishwa kipaimara. Ukifika juu, ukungu unakukaribisha kabla ya ndugu zako.

Nimerudi na hasira. Na nikisema hasira yenyewe inahusu nini, nusu yenu mtacheka. Inahusu mdudu. Mdudu mmoja mdogo, urefu wake kama milimita 6, anang'aa kama shanga. Mkishacheka, endeleeni kusoma, kwa sababu nina kesi dhidi ya watu kadhaa, na mimi mwenyewe ni mshtakiwa namba moja.

Ilikuwa hivi. Siku ya pili baada ya Krismasi shangazi yangu aliniita nyuma ya nyumba, kwenye kishamba cha maharage aliyoyapanda mvua zilipoanza. Maharage yalikuwa bado machanga, majani machache tu. Na hayo machache yalikuwa yametobolewa kama mtu ameyapiga kwa risasi za gobole. Matundu ya mviringo, kati ya mshipa na mshipa. Miche mingine ilibaki na vijiti. Juu ya jani moja wadudu watatu walikuwa wanakula bila wasiwasi, wana rangi ya chungwa iliyochanganyika na weusi. Nikamgusa mmoja, akajiangusha chini akapotea kwenye udongo.

Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Huyu anaitwa nani?"

Nikamjibu, "Ni mdudu, shangazi."

Akaniangalia. Akasema, "Hilo nalijua." Akanyamaza kidogo, akauliza tena, safari hii taratibu: "Kiangazi chote simwoni. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, huyu hapa. Anakuwa wapi?"

Jamani, nina shahada. Niliwahi kuandika habari za bajeti ya serikali na hotuba za mawaziri. Nilisoma Baiolojia miaka minne ya sekondari, nikachora panzi mpaka mguu wa mwisho. Mwanamke ambaye ada yangu ya shule ilitoka kwenye jembe lake ameniuliza maswali mawili, na sina jibu hata moja. Nilitamani na mimi nijiangushe chini nipotee kwenye udongo.

Nikatoa simu. Kwenye kilima kile mtandao unapatikana ukisimama kando ya mgomba fulani. Nikasimama kando ya mgomba nikaanza kutafuta. Kwa Kiswahili nilipata matangazo ya dawa za kuulia wadudu, na karibu yote yalisema kitu kimoja: nunua, changanya, nyunyiza. Nikabadili lugha. Kwa Kiingereza mlango ukafunguka, na nyuma ya mlango kulikuwa na ghala zima.

Mdudu anayetoboa maharage namna ile ana jina. Anaitwa Ootheca bennigseni. Ni mbawakavu wa majani, yaani yumo kwenye lile kundi kubwa la mende wenye ganda gumu mgongoni ambao maisha yao yote ni kula mimea. Anapatikana Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Anapenda maharage, na ana ndugu yake wa karibu, Ootheca mutabilis, anayejulikana sana kwa kushambulia kunde na kueneza virusi vya ugonjwa wa batobato kwenye kunde hizo. Mwaka 1984 watafiti wawili, Karel na Rweyemamu, walichapisha kazi iliyopima hasara anayoleta huyu bennigseni kwenye maharage hapa Tanzania. Jibu lao: mavuno yanapungua kwa asilimia 18 hadi 31.

Hebu tulia na namba hiyo. Shamba ambalo lingempa shangazi magunia 10, mdudu huyu anaweza kuondoka na mawili, hata matatu. Hayo magunia ndiyo sare za shule na ada ya mtihani, ndiyo nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Na namba hiyo ilikuwepo miaka mingi kabla sijazaliwa. Ilipimwa kwenye ardhi yetu. Ikapanda ndege ikaenda kuchapishwa kwenye jarida la Marekani, kwa Kiingereza, na mpaka leo haijapata nauli ya kurudi Maguu.

Sasa njoo kwenye swali la pili la shangazi, lile la kiangazi anakuwa wapi. Nalo lina jibu, na jibu lenyewe ni tamu kuliko riwaya.

Jike hutaga mayai kwenye udongo, karibu na shina la mharage. Mayai yakianguliwa, mabuu hayapandi juu. Yanabaki chini, yanakula mizizi, pamoja na vile vinundu vidogo ambavyo mharage unavitumia kupata naitrojeni. Maana yake ni kwamba wakati mkulima anahesabu matundu kwenye majani, kuna karamu nyingine inaendelea chini ya miguu yake ambayo haioni. Mche unadumaa, unakuwa wa njano, mkulima anadhani ni udongo umechoka. Buu likishashiba linajijengea kijumba cha udongo, linakuwa pupa, pupa anakuwa mende kamili. Na hapa ndipo penye maajabu: mende huyo aliyekamilika hatoki. Anakaa palepale chini, kimya, hali wala hanywi. Maharage yanavunwa yeye yupo. Jua la Agosti linachoma yeye yupo. Anasubiri mvua ya msimu unaofuata. Ikinyesha, anatoka, na akitoka anakuta shangazi yangu ameshamtandikia meza.

Kwa hiyo, shangazi, hakuwa amekwenda popote. Alikuwa hapohapo, chini ya nyayo zako, kwenye shamba lilelile la mwaka jana.

Na ukishajua hilo, dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ukipanda maharage juu ya shamba la maharage la mwaka jana, unampelekea chakula mlangoni. Ukibadilisha, ukaweka mahindi hapo na maharage ukayapeleka mbali kidogo, anatoka na njaa yake na inabidi asafiri. Ukilima shamba mara baada ya kuvuna, unamfukua akiwa usingizini na kumwachia jua na ndege. Ukichelewesha kidogo kupanda, unaweza kuikwepa ile wiki ya wimbi kubwa. Watafiti walishayaandika haya yote. Miaka ya 1990 na 2000 baadhi yao walikaa na wakulima wa Hai kule Kilimanjaro, wakachimba udongo pamoja, wakawaonyesha mdudu akiwa amelala. Yaani njia ya kuzungumza na mkulima ilishapatikana na ilishajaribiwa, kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Iliyobaki ni kuitembeza nchi nzima. Nani aitembeze? Subirini, nakuja huko.

Kwanza nimalize habari ya jina, maana hilo ndilo lililonichefua kuliko yote.

Bennigseni. Nikajiuliza, huyu Bennigsen ni nani mpaka mdudu wa maharage yetu aitwe kwa jina lake? Nikapekua. Rudolf von Bennigsen alikuwa Mjerumani, ofisa mkuu wa fedha wa serikali ya koloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani katika miaka ya 1890, kabla ya kupelekwa kuwa gavana wa New Guinea mwaka 1899. Huyu bwana alikuwa na burudani yake: kukusanya mbawakavu. Mwaka 1900 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Julius Weise, akampa mdudu wetu jina la kumuenzi.

Wana Ruvuma wenzangu, mnajua mwaka 1898 kulianza nini katika koloni hii? Kodi ya kibanda. Babu zetu walitakiwa walipe kwa kuwa na paa juu ya vichwa vyao. Kodi ile, pamoja na kazi za shuruti kwenye mashamba ya pamba, ni kati ya mambo yaliyojaza kibaba mpaka Maji Maji ikalipuka mwaka 1905. Na sote tunajua kilichotokea Songea tarehe 27 Februari 1906, pale machifu na majemadari wa Kingoni waliponyongwa. Mkuu wa hazina iliyojazwa na kodi za namna hiyo ndiye aliyetunukiwa mdudu anayetafuna majani ya maharage. Ukiliangalia kwa jicho la pembeni, utasema jina linamfaa kabisa. Wote wawili wanakuja na msimu na wanachukua sehemu yao kabla mwenye shamba hajala.

Lakini simlaumu Bennigsen sana. Amekufa zamani. Na sheria za majina ya kisayansi ni sheria, jina likishatolewa halibadiliki kwa sababu mwandishi mmoja wa gazeti amekasirika. Alichofanya Bennigsen ni kuinama akaangalia chini. Swali langu ni hili: tangu mwaka 1900, ni nani kati yetu ameinama?

Mshtakiwa namba moja ni sisi waandishi wa habari. Nilirudi Dar nikiwa nimejaa. Nikaenda kwenye kikao cha asubuhi cha habari, nikapendekeza makala: mdudu wa maharage, hasara yake, maisha yake, mkulima afanye nini. Bosi mmoja, ambaye simtaji, akasema, "Mdogo wangu, mende atauza gazeti?" Chumba kizima kikacheka. Na mimi, nawaambia ukweli, nikacheka nao. Nikaandika habari ya uzinduzi wa jengo.

Hata hivyo bosi yule ana hoja, na nitaijibu kwa heshima. Anasema wasomaji wanataka jambo kubwa. Sawa. Nzige walipoingia Simanjiro na Longido mwanzoni mwa 2021, tuliandika. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, tukaandika, hata watoto wa mjini wakajua kuna kiwavi mgeni kutoka Amerika anakula mahindi. Hatujawahi kukosa nafasi ya mdudu ukurasa wa kwanza. Tatizo ni kwamba tunamtaka mdudu awe jeshi, afunike jua. Mdudu anayechukua magunia mawili kwa kila kumi, kila mwaka, kimyakimya, kwa akina mama wasio na namba ya simu ya chumba cha habari, huyo kwetu si habari. Lakini hebu piga hesabu. Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza Afrika kwa kulima maharage. Wali maharage, ugali maharage, kande, chapati maharage: tuambieni ni lini mara ya mwisho bweni la shule yoyote lilipitisha wiki bila maharage. Taifa zima limekua kwa maharage, halafu adui wa maharage hana hata aya moja gazetini.

Mshtakiwa namba mbili ni wasomi wetu wa vyuo vikuu. Walimu zangu mnaosoma hapa, mnisamehe, ninawaheshimu. Najua mnapandishwa cheo kwa makala za majarida ya nje. Najua jarida la nje halipokei Kiswahili. Sisemi msiandike Kiingereza. Ninachouliza ni kitu kidogo: ukishaandika kurasa kumi kwa ajili ya wenzako wa London na Chicago, unashindwa nini kuandika kurasa mbili kwa ajili ya yule mama ambaye shamba lake ndilo lililokupa takwimu? Utafiti mwingi umelipiwa na kodi. Kodi hiyo hata shangazi yangu analipa, kila akinunua sukari na sabuni. Kwa maneno mengine, amelipia jibu la swali lake, na jibu limefichwa kwenye lugha asiyoijua. Mkoloni angalau hakujifanya kwamba anamfanyia kazi.

Najua utetezi utakaokuja. Wa kwanza: "Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Naomba urudi juu usome aya nilizoandika kuhusu maisha ya mdudu huyu. Yai, buu, pupa, mbawakavu, mizizi, vinundu. Ni wapi Kiswahili kimeishiwa pumzi? Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwaka 2019 tulishangilia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya SADC. Lugha inayoweza kuhutubia marais inashindwaje kumwelezea mende wa milimita 6?

Utetezi wa pili: "Wakulima hawasomi." Shangazi hakuniomba kitabu. Aliuliza swali. Na lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyosikia kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Aliona kwamba mdudu anatokea na mvua ya kwanza, akaona kiangazi hayupo, akauliza yuko wapi. Huo ndio mwanzo wa sayansi. Alichokosa ni mtu wa kumjibu. Redio iko jikoni kwake kuanzia alfajiri. Kuna kanisa, kuna gulio, kuna ofisa ugani anayepita akipata mafuta ya pikipiki. Njia zipo nyingi, ila hakuna tunachopitisha humo.

Utetezi wa tatu, na huu ndio hatari zaidi: "Dawa zipo, anyunyize." Sipingi dawa iliyosajiliwa na kutumiwa inavyotakiwa. Tuna mamlaka ya kusimamia viuatilifu, TPHPA, na ni kazi yao. Ninapinga dawa ikiwa ndiyo jibu pekee, kwa sababu mbili. Kwanza, unanyunyizia majani wakati mabuu yako kwenye mizizi. Pili, kuna ndugu wa mdudu huyu ambaye kisa chake kila mtu angepaswa kukijua.

Mwaka 1824 Mmarekani mmoja, Thomas Say, alimpa jina mbawakavu wa majani mwenye mistari aliyekuwa anaishi nchi kavu za magharibi ya Marekani, akila magugu yenye miiba. Hakuna aliyejali. Alikuwa mdudu wa porini wa sehemu kame, kitu cha kuwekwa kwenye sanduku la makumbusho. Kisha walowezi wakafika na viazi. Kufikia mwaka 1859 mdudu huyu alikuwa anashambulia viazi huko Nebraska. Miaka kama 15 baadaye alikuwa amefika pwani ya Atlantiki. Mwaka 1922 akawa amejichimbia Ufaransa, karibu na Bordeaux. Wakamnyunyizia sumu. Wakaleta DDT, na kufikia mwaka 1952 alikuwa ameizoea. Leo amezoea zaidi ya aina 50 za viuatilifu. Huyo ndiye mbawakavu wa viazi wa Colorado. Alianza kama mdudu asiyejulikana wa nchi kavu. Wakati wa kumjua ulikuwa kabla hajawa maarufu.

Sasa niwapeleke upande wetu wa dunia, kwa sababu sitaki mtu aseme elimu ya wadudu ni ya Wazungu. Nendeni Kalahari, Namibia na Botswana. Kuna mbawakavu wa majani mwingine huko, jamii ya Diamphidia, anayekula majani ya miti ya ukoo wa manemane. Mabuu yake yakishiba yanashuka ardhini, yanajijengea vijumba vya udongo chini kabisa kwenye mizizi, na kusubiri, kama huyu wetu. Wasan, wawindaji wa jangwa lile, wanajua ni mti gani wa kuchimba. Wanafukua vile vijumba, wanavipasua, wanatoa buu, wanakamulia utomvu wake kwenye mshale. Hawapaki kwenye ncha, wanapaka nyuma yake, mtu asije akajikwaruza akafa. Sumu ile inavunja chembe nyekundu za damu. Swala mkubwa anaweza kutembea siku nzima au zaidi kabla hajaanguka, na mwindaji anamfuata. Nyama inaliwa bila madhara.

Fikirieni ni kiasi gani cha elimu kimo humo. Wanajua mdudu gani na mti gani, wachimbe kina gani, wapake wapi na wangoje muda gani. Wataalamu wa Ulaya walianza kuichunguza sumu hiyo kwenye maabara mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wasan walikuwa wakiishi kwa kuitegemea vizazi na vizazi. Elimu ile ilidumu kwa sababu ilisemwa kwa lugha ya nyumbani, baba kwa mtoto, kando ya moto. Hakuna aliyeambiwa kwanza jifunze lugha ya watu wengine ndipo ujue mdudu wa kwenu.

Na Wamatengo? Sisi nasi tuna elimu yetu, wala siyo ndogo. Wageni huja kutoka mbali kuangalia ngoro zetu. Kwa msioijua: mlima mkali kiasi kwamba ukisimama vibaya unabiringika. Wanaume wanafyeka nyasi, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama madirisha. Wanawake wanachimba katikati na kufukia nyasi kwa udongo. Kinabaki kilima kilichojaa mashimo, kama sega la nyuki. Mvua ikija maji yanaingia shimoni, udongo hauteremki. Maharage yanapandwa kwenye ngoro mwezi wa Machi, baadaye mahindi yanafuata, kisha shamba linapewa mapumziko. SUA na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walifanya utafiti huko Mbinga tangu miaka ya 1990, na dunia ikajua kwamba hawa watu wa milimani si wajinga.

Angalieni sasa. Shamba la ngoro linachimbwa na kupinduliwa. Maharage na mahindi yanapokezana. Maharage yanapandwa Machi, miezi kadhaa baada ya mvua za kwanza zinazomwamsha mdudu. Kupindua udongo, kubadilisha mazao, kuchelewa kupanda: ni mambo yaleyale matatu ambayo watafiti wanayashauri dhidi ya Ootheca! Nilimwambia shangazi hivyo. Akakaa kimya, kisha akasema maharage ya ngoro huwa hayatobolewi hivi, yanayotobolewa ni haya ya nyuma ya nyumba, anayoyapanda kila mwaka palepale kwa sababu ni karibu na jiko. Ni ushahidi wa mtu mmoja, najua. Lakini kama wewe ni mwanafunzi wa kilimo unatafuta mada ya utafiti, nimekupa bure. Njoo Maguu uhesabu matundu ya majani ya ngoro na ya bustani. Utalala kwetu.

Mshtakiwa namba tatu ni wewe na mimi, vijana wa mjini tuliosoma. Tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Uingereza. Tukisikia neno kilimo tunafikiria adhabu ya shule. Na wale wachache tunaorudi kijijini tunarudi na miwani ya jua kupiga picha kwenye mibuni, kisha tunapanda basi. Tumesomeshwa na kahawa na maharage. Chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilipoanguka miaka ya 1990 baada ya soko huria, wazee wetu walibaki peke yao bila pembejeo za mkopo wala mtu wa kuwashauri. Waliendelea kutusomesha hivyohivyo. Nilidhani deni hilo linalipwa kwa kutuma hela ya sukari. Shangazi amenifundisha kwamba hela ya sukari haitoshi. Alinisomesha ili siku moja akiuliza, nijibu.

Basi nadai mambo matatu tu, yasiyohitaji mfadhili. Moja: kila utafiti wa mazao unaofanyika kwa fedha za umma uambatane na kurasa mbili za Kiswahili, zibandikwe kwenye ofisi ya kata na zisomwe redioni. Mbili: kila gazeti la Kiswahili litoe nusu ukurasa kwa wiki kwa adui na rafiki wa mkulima, kabla hajawa janga. Tatu, na hii ni yetu: kila anayesoma hapa akienda kwao aulize wazee majina ya wadudu kwa lugha ya nyumbani, Kimatengo, Kingoni, Kinyasa, chochote, ayaandike. Kitu kisicho na jina kinywani mwa watu hakijadiliwi, na kisichojadiliwa hakipangiwi bajeti.

Mimi nimeanza. Kabla ya kuondoka nilichukua jembe nikachimba pale alipojiangushia yule mdudu. Nilimwonyesha shangazi udongo, nikamweleza yai, buu, pupa, na usingizi wa kiangazi. Watoto wa jirani wakasogea. Nikawaeleza na habari ya Bennigsen na kodi yake. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Kumbe! Sasa huyu tutamwita Mdachi."

Tangu siku hiyo ndivyo anavyoitwa nyumbani kwetu. Jana nimepiga simu, nikauliza hali. Akaniambia ameshaamua: pale nyuma ya nyumba msimu ujao anaweka mahindi. "Mdachi akiamka," akasema, "akute tumehama."

Haya, nimemaliza. Wenye hasira na mimi, hasa walimu zangu na bosi wangu, karibuni tubishane. Ila ukija, njoo na jina la mdudu mmoja wa kwenu.